Ushauri: nachora komiki ya Chachamaru, yule paka wa Tamayo. Aongee au asiongee?

WinoMweusi:
Wakuu habari za mda huu. Kwanza onyo, humu kuna spoila (natoboa siri za stori) za Kimetsu no Yaiba, ile Demon Slayer ya Kijapani ya wawinda mazimwi, mpaka mwisho wa manga (komiki yenyewe), kama unafuata anime (katuni) tu pita kushoto.

Mi nachora, na kwenye ile stori nzima kiumbe kilichonikaa kichwani kuliko hata Hashira, wale wapiganaji wakuu, ni Chachamaru, yule paka wa rangi tatu wa bi Tamayo, zimwi ambaye ni daktari, na msaidizi wake Yushiro. Mnamkumbuka? Tanjiro, yule kijana mwinda mazimwi, akishammaliza Kyogai, lile zimwi la ngoma, kisu alichopewa na Tamayo kimeshavuta damu ya zimwi, mara inasikika nyau hapo pembeni, paka anatokea kwenye hewa tupu na kiboksi mgongoni, damu inawekwa, analia tena anapotea. Basi, ndo imeisha hiyo. Ila damu alizobeba yule paka ndo Tamayo alizitumia kutengeneza dawa iliyomrudisha Nezuko, mdogo wake Tanjiro aliyegeuzwa zimwi, kuwa binadamu, na hamna anayemuongelea!

Sasa nataka kuchora ile njia tusiyoonyeshwa, toka anapompokea Tanjiro mzigo mpaka anafika kwa Tamayo. Nimekwama sehemu mbili. Mshkaji wangu anasema paka aongee la sivyo msomaji atachoka. Alafu bibi ameona michoro, nikamwambia huyu paka anatumwa na zimwi, akanyamaza kidogo akaniuliza kwanini nachora mambo ya kichawi. Na mimi nataka bibi aisome. Nisaidieni mawazo.

Mama_Otaku:
Asiongee kabisa mdogo wangu. Kwenye ile dunia wanaoongea ni kunguru, na kunguru ni wa kikosi cha wawinda mazimwi, kazi yao kupiga kelele na kutoa amri, ndo maana wa Tanjiro anatangaza safari mpya hata mtu hajapumua. Chachamaru ni wa watu waliojificha. Muzan, mkuu wa mazimwi, anamsaka Tamayo miaka na miaka, akijua tu dawa inatengenezwa wapi wamekwisha wote, kwahiyo mjumbe wao lazima awe kimya na asionekane. Ile nyau ndo inamtoa kwenye uchawi wa Yushiro unaomfanya asionekane, na ndo inamrudisha. Ukimpa maneno ile nyau inakosa kazi, na ndo kitu kizuri kuliko vyote alichonacho.

Sanji_wa_Tanga:
Nakubaliana na dada hapo juu ila mshkaji wako nae ana hoja, kurasa zote kimya zinahitaji kitu cha kumshika msomaji. Chora anachokutana nacho. Haonekani, sawa, lakini bado ana uzito. Mvua imenyesha, barabara ya tope, hamna mnyama ila nyayo ndogo zinajichapa moja moja na mama mmoja amebeba kuni anasimama anashangaa. Alafu hii ni enzi ya Taisho ya Japani, 1912 mpaka 1926, unatoka milimani giza totoro unaingia Tokyo taa za umeme zimewaka. Kumbuka Tanjiro mwenyewe alivyofika Asakusa, mtaa wa Tokyo, usiku mara ya kwanza alichanganyikiwa na ule mwanga na watu, sasa mwone paka anakatiza katikati ya miguu ya watu wote wale na damu ya zimwi mgongoni. Hapo maneno ya nini?

Kiherehere254:
Mi ningeweka hata mawazo yake kwenye vibox vidogo, maneno mawili matatu. Watu wa huku hawajazoea komiki bila maneno.

Mama_Otaku:
Kiherehere hapana, ukishaanza na mawili matatu utajikuta anahutubia. Msomaji asome sura ya paka na mkia.

Daktari_wa_Manga:
Niongelee la bibi maana ndo zito. Bibi amesikia paka wa kutumwa, kwetu paka wa kutumwa anatumwa kudhuru, hana kosa. Kwahiyo usianze na paka, anza na aliyemtuma. Ukurasa wa kwanza awe Tamayo anatibu mtu. Mwanamke aliyegeuzwa zimwi akaua mume na watoto wake mwenyewe, na toka hapo ameishi kwa damu kidogo ya kununua, hali watu, ni daktari, anatafuta namna ya kummaliza Muzan aliyemharibia maisha. Na yeye na Yushiro jua linawaua, mchana hawatoki nje. Paka anatoka. Hiyo paneli (kisanduku cha mchoro) mi ningeipa ukurasa mzima, mlango unafunguka kidogo, mwanga unaingia, wao wamebaki kwenye kivuli na paka anavuka mstari. Bibi akiona hapo ataelewa huyu anatumwa dawa.

Kingine cha kukuongezea, paka wa rangi tatu karibu wote ni majike, dume ni adimu sana, na mabaharia wa Japani walikuwa wanaamini dume wa rangi hizo analeta bahati melini. Hata msafara wao wa utafiti kwenda Antaktika mwaka 1956 ulibeba mmoja anaitwa Takeshi. Kwahiyo rangi zisikosewe, nyeupe, nyeusi na ile ya chungwa.

Sanji_wa_Tanga:
Na ule mwisho wa kwenye vita na Muzan, paka anapowapelekea kina Himejima wa Hashira dawa ya kuondoa sumu, utauweka? Mi ningeuacha. Wengi hawajafika huko.

WinoMweusi:
Asanteni sana wakuu, na dada shikamoo. Haongei, nimeamua. Nyayo kwenye tope nazichukua na ule mlango ndo ukurasa wa kwanza, nimeshaanza kuuchora sahivi. Mwisho wa vita nauacha, yangu inaishia anapotuliwa kiboksi mgongoni. Swali dogo lililobaki, kwenye paneli ambazo haonekani nichore mstari hafifu wa umbo lake au niache tupu kabisa?

Mama_Otaku:
Marahaba. Tupu kabisa, nyayo zinatosha. Ukimaliza michoro ya rafu weka humu tuzione kabla hujatia wino, na kama utataka kuja kuuza buni paka wako mwingine, huyu ana wenyewe.