Nanunua boti Ugiriki nizunguke nayo, kodi na ukazi vinakuwaje kwa Mtanzania?

mpwani_mbezi
Wakuu habari zenu. Naomba msaada kwa wanaojua mambo ya boti na kodi. Mimi naishi Mbezi Beach, nyumba, familia na biashara vyote viko hapa Dar. Nimepata boti ya matanga futi 38, mtumba, iko Ugiriki na muuzaji ni mtu binafsi. Mpango ni kununua kwa kushirikiana na dada yangu ambaye anaishi Italia kwa kibali cha ukazi, tuzunguke nayo Ugiriki, Uturuki na Kroatia misimu miwili ya joto halafu niilete nyumbani niiweke Msasani. Sasa kuna jamaa ananiambia ukiipa tu bendera ya Zanzibar, Ulaya hawakudai hata senti, na ukikaa nje zaidi ya siku 183 kwa mwaka basi na TRA nao hawana chao. Ni kweli? Sitaki kufika huko boti ishikwe na forodha.

nahodha_kivukoni
Mkuu huyo jamaa amechanganya madesa. Bendera ni kitu kimoja, kodi ya boti ni kingine, na wewe mwenyewe kukaa Ulaya ni kingine tena, kila kimoja kina ofisi yake na hesabu yake ya siku. Bendera inasema tu chombo kiko chini ya sheria za nchi gani kikiwa bahari kuu. Haifuti VAT.

Swali la kwanza kumuuliza muuzaji: VAT ya Ulaya ilishalipwa? Kama ilishalipwa na boti haijatoka Umoja wa Ulaya, ukinunua kwa mtu binafsi hakuna VAT mpya, na unazunguka nchi zao bila forodha kukuhesabia miezi. Ila usikubali maneno ya broka. Omba invoisi ya kwanza kabisa, halafu nenda nyuma ya boti upande wa kulia, kuna namba ya utambulisho wa boti imepigwa kwenye bodi, isome herufi kwa herufi uone kama ndiyo ile iliyo kwenye invoisi. Zikitofautiana hata herufi moja usitoe hela mpaka upate maelezo ya maandishi. Boti za zamani sana zina nafuu yake, iliyokuwa inatumika kabla ya 1/1/1985 na ikawa ndani ya Jumuiya ya Ulaya (jina la Umoja huo wakati ule) tarehe 31/12/1992 inahesabiwa imelipiwa, lakini hayo nayo lazima yathibitishwe kwa karatasi. Na ukiona boti ya Muingereza bei chee kuwa makini, zilizokuwa Uingereza 31/12/2020 saa walipotoka kabisa, nyingi zilipoteza hadhi ya kulipiwa upande wa Ulaya hata kama mwenyewe ana risiti ya VAT ya Uingereza.

Kama haijalipiwa ndipo unaingia kwenye ule utaratibu wa kuingiza chombo kwa muda. Miezi 18 bila VAT wala ushuru, boti iwe imesajiliwa nje ya Umoja wa Ulaya, mwenye nayo na anayeitumia wawe wakazi wa nje, na matumizi yawe binafsi. Ukienda Uturuki au Montenegro au Tunisia ukarudi, miezi inaanza upya, tunza tu karatasi za bandari za huko zenye mihuri na tarehe.

Hapo sasa ndipo dada yako anapoharibu hesabu. Yeye ni mkazi wa Italia, jina lake likiwa kwenye umiliki, au akiishika boti mwenyewe wewe ukiwa Dar, forodha wana haki ya kudai VAT nzima. Ugiriki ni asilimia 24, Kroatia 25, Italia 22. Kwa bei ya boti hiyo ni pesa ndefu.

mpwani_mbezi
Duh, asante sana mkuu. Muuzaji anasema imelipiwa, nitadai hiyo invoisi kabla ya chochote. Sasa ikiwa imelipiwa kweli halafu tukapita Uturuki tukarudi, dada akiwa mmiliki?

nahodha_kivukoni
Inarudi bila kodi ndani ya miaka 3, kwa sharti kwamba aliyeitoa ndiye anayeirudisha na haijaongezwa vitu vikubwa huko. Msibadilishane umiliki mkiwa Uturuki. Na invoisi ikae ndani ya boti, sio Dar kwenye kabati.

Viza yako usiisahau. Schengen, yaani zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, ni siku 90 ndani ya kila siku 180, boti inaweza kubaki wewe ukarudi. Zamani watu walikuwa wanakimbilia Kroatia kupumzisha siku, tangu 1/1/2023 nayo imo Schengen kwa hiyo haisaidii tena. Siku za Uturuki hazihesabiwi. Pia Ugiriki tangu 2019 wana tozo ya boti zinazozidi mita 7, yako imo.

mama_mizania
Mdogo wangu, mimi niongelee TRA maana kazi yangu ni hiyo na hili la siku 183 linawaponza wengi. Kwa Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 siku 183 ni njia mojawapo tu ya kuwa mkazi. Njia nyingine inakuja kabla yake: ukiwa na makazi ya kudumu hapa na ukawepo nchini sehemu yoyote ya mwaka huo, wewe ni mkazi, basi. Una nyumba Mbezi na familia imo, ukija hata Krismasi tu umeshaingia. Halafu kuna ya wastani, ukiwepo mwaka huo na wastani wa mwaka huo na miwili ya nyuma ukazidi siku 122, mkazi pia.

Na mkazi anatozwa kwa mapato ya dunia nzima. Kwa hiyo mkikodisha hiyo boti kwa watalii ili irudishe gharama, mapato hayo unayatangaza huku, ukionyesha kodi uliyolipa kule ili ikatwe. Na kukodisha kunaua ule utaratibu wa miezi 18, maana ni wa matumizi binafsi tu. Tafadhali msilifanye hilo kimyakimya, nimeona mtu analipa faini na riba mpaka inatia huruma.

jahazi_la_feri
Naongezea kuileta nyumbani. Ikifika hapa ni kama gari la Japani, ushuru wa forodha unapigwa kwenye CIF, yaani bei ya boti pamoja na bima na usafirishaji, halafu VAT asilimia 18 juu ya CIF pamoja na huo ushuru. VAT uliyolipa Ulaya haikusaidii hapa. Tafuta wakala wa forodha mapema akupe makadirio kwa maandishi kabla hujanunua, usisubiri boti iko Msasani. Usajili Bara ni TASAC (Shirika la Uwakala wa Meli), Zanzibar ni Mamlaka yao ya Usafiri Baharini, na popote utakapopeleka utahitaji hati ya mauziano pamoja na hati ya kufutwa kwenye rejista ya Ugiriki, kwa sababu chombo hakiruhusiwi bendera mbili. Hiyo ya kufutwa iandikeni kwenye mkataba kwamba muuzaji ndiye anaitoa, na salio lisiende mpaka ipatikane.

Njia yenyewe ni Suez na Bahari ya Shamu, na tangu mwisho wa 2023 meli zilipoanza kushambuliwa kule bima imekuwa shughuli, wengine wanaona bora kuipakia juu ya meli. Ukiamua kuja nayo mwenyewe panga umalizie na upepo wa kaskazi, Desemba mpaka Machi, ukichelewa ukakutana na kusi pwani ya Somalia utapata tabu sana.

mpwani_mbezi
Nimewaelewa wote, shukrani sana. Naandika jina langu peke yangu kwenye umiliki, dada atakuja kama mgeni nikiwa mimi ndani. Kesho naomba invoisi na picha ya ile namba ya nyuma.

nahodha_kivukoni
Picha iwe ya karibu, na iombe siku hiyo hiyo unayoomba invoisi.