Forester ya tabo imelegea, fundi anataka kukaza fimbo ya westigeti. Nimruhusu?

Kijana wa Tegeta:
Wakuu salaam. Nina Forester SG5 ya 2004, injini EJ205 yenye tabo (feni inayosukumia injini hewa ya ziada), gia otomatiki. Mwezi uliopita nikikanyaga mafuta nilikuwa nasikia mluzi. Fundi akasema mipira midogo ya hewa karibu na tabo imekauka, akaibadilisha yote. Mluzi ukaisha, na nguvu nazo zikaisha! Zamani nikivuka mizunguko 3,000 mgongo ulikuwa unagandishwa kwenye siti. Juzi napanda Kitonga nimeachwa na Noah, tena imejaza abiria.

Nimefunga geji ya busti, yaani presha ya hewa inayosukumwa na tabo. Inapanda mpaka 0.5 bar, inaganda hapo. Taa ya injini haijawaka. Fundi wa pili anasema tabo imezeeka, dawa ni kukaza nati ya fimbo ya westigeti (kile kilango kinachopitisha moshi pembeni ya tabo ili busti isizidi) mizunguko mitatu. Nimruhusu?

Bwana Makasi:
Uza, nunua IST.

Msee wa Thika Road:
Ndugu, usikubali hiyo kazi ya spana. Mimi hapa Nairobi niliweka kidude cha kupandisha busti kwa mkono, kile cha kizibo na springi. Utamu wake ni wa siku chache! Nikasukuma hadi 1.2. Kwanza gari ikaanza kukata mafuta ghafla, kama mtu amekanyaga breki. Ile ni kompyuta inajilinda, mimi nikaona ni usumbufu, nikatafuta njia ya kuizunguka. Baadaye injini ikawa inagonga nikipanda mlima, halafu moshi wa bluu. Kufungua, pistoni moja imevunjika pale kati ya pete. Na sisi huku tuko mita kama 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, kwa hiyo geji ikisoma sawa na ya pwani tabo yangu inazunguka kwa kasi zaidi kuliko yenu.

Kijana wa Tegeta:
Pole sana mkuu. Sasa huyu wangu anasema mizunguko mitatu ni midogo.

Mzee Spana:
Mwanangu, hiyo 0.5 inakueleza kitu. Kwenye hizi tabo ndogo za Subaru hapo ndipo springi ya westigeti inapoachia yenyewe. Maana yake tabo inafanya kazi, ila kompyuta haipati nafasi ya kuongeza chochote. Tabo iliyozeeka haigandi kwenye namba moja kila siku. Inachelewa kuamka, inakunywa oili, inalia.

Sikiliza inavyokwenda. Kutoka kwenye tabo kuna mpira unafika kwenye kiungo cha njia tatu. Njia moja inakwenda westigeti, nyingine kwenye solenoidi, vali ya umeme inayoongozwa na kompyuta. Kompyuta ikitaka busti zaidi inafungua solenoidi, hewa inayofika westigeti inapungua, westigeti inabaki imefunga. Sasa ndani ya ule mpira wa kwanza, kutoka kiwandani, kuna kipande kidogo cha shaba chenye tundu la karibu milimita 1. Kazi yake ni kubana hewa inayoingia, ili solenoidi iweze kuizidi. Kikitolewa, hewa inaingia nyingi kuliko inayotoka, westigeti inafunguka mapema. Ukiutazama mpira kwa nje huoni kitu, lazima uubonyeze kwa vidole.

Muulize fundi wa kwanza mipira ya zamani iko wapi. Na nati usiguse. Mjapani aliipanga injini hii kwa petroli ya daraja la juu, oktani 96 kwenda juu. Busti ikizidi na mafuta haya tunayokunywa, mwenzetu wa Nairobi ameshakusimulia.

Dada Gia Tano:
Naongezea: angalia na mipira ya intakula (kile kipoza hewa ya tabo). Pulizia maji ya sabuni kwenye viungio uone mapovu. Na usome geji ukiwa gia ya tatu, umekanyaga hadi chini, barabara tupu. Ukisomea kwenye foleni ya Mwenge itakudanganya.

Kijana wa Tegeta:
Mrejesho. Fundi amekiri mipira aliitupa, na ndani "kulikuwa na kitu kama uchafu mgumu", akadhani ndicho kilichoziba! Nimezunguka Gerezani nusu siku, kila duka wananicheka, mpaka nikapata mpira mzima uliochomolewa kwenye Impreza. Nikaubonyeza kabla ya kulipa, kidude kimo. Tumefunga jana jioni. Nati haijaguswa. Leo alfajiri Bagamoyo Road, gia ya tatu: 0.8. Mgongo umerudi kwenye siti.

Mzee Spana:
Safi. Ile mipira mingine aliyoweka ina klipu au ameichomeka tu?

Kijana wa Tegeta:
Ameichomeka tu, Mzee.

Mzee Spana:
Weka klipu kabla hujaiona tena Kitonga.