Nimepanda mahindi meupe, mbona nakuta punje za njano?

mkulima_mdogo: Wakuu habarini. Mbegu nilinunua dukani, nyeupe tupu, leo namenya hindi nakuta punje saba za njano katikati kama meno ya dhahabu. Muuza mbegu kanipiga au?

mamaShamba: Jirani kapanda njano?

mkulima_mdogo: Ndio, ng'ambo ya mtaro tu hapo, ya kulishia kuku

ticha_bios: Basi muuza mbegu mwachie mkuu. Kila uzi wa ndevu za hindi unaenda kwenye punje yake, chavua ya jirani (ule unga wa maua ya kiume) ikipeperushwa na upepo ikatua kwenye uzi ndo inakuwa baba wa punje hiyo hiyo tu. Sasa jeni (kile kinachorithisha rangi) ya njano ni tawala, ya nyeupe ni fifi, zikikutana njano ndo inaonekana na nyeupe imejificha ndani. Ndo maana jirani akipata chavua yako yeye hashtuki, hindi lake linabaki njano, labda ipauke kidogo.

mkulima_mdogo: Nikizipanda hizo saba je?

ticha_bios: Zikichavushana zenyewe kwa zenyewe, kwa wastani punje 3 kati ya 4 njano, 1 nyeupe inarudi. Hesabu ileile ya Mendel, yule mtawa aliyechunguza urithi kwa njegere, 1866 hiyo. Msimu ujao pishaneni wiki tatu nne kupanda, msichanue pamoja

mamaShamba: Kumbe ni jeni sio jini 😂 mama mkwe kashasema shamba limechezewa