Mjadala: Je, visasili vya Wagiriki na Warumi vifundishwe katika shule zetu?

Mtoa mada:

Ndugu wasomaji, mimi ni mwalimu wa fasihi, na mwaka huu nimeshtakiwa mara mbili kwa kosa moja. Mzazi mmoja alikuja shuleni kulalamika kwamba mtoto wake aliyelelewa katika dini anafundishwa miungu ya uongo. Kisha mwenzangu katika chumba cha walimu akaniuliza kwa nini nihangaike na Wagiriki ilhali Fumo Liyongo hajasomwa akaisha. Hoja ya pili ndiyo nzito. Ya kwanza nitaijibu hapa.

Anayefungua Biblia yake ya Kiswahili katika Matendo ya Mitume, sura ya 14, atakuta kwamba miungu hiyo imekwisha kuingia nyumbani mwake. Paulo amemponya kiwete mjini Listra, na wenyeji wanapaza sauti kwamba miungu imewashukia kwa mfano wa wanadamu. Barnaba wanamwita Zeu, mkuu wa miungu ya Wagiriki, na Paulo, kwa kuwa ndiye msemaji, wanamwita Herme, mjumbe wa miungu, huku kuhani wa Zeu akileta ng'ombe na mashada ya maua ili atoe dhabihu. Msomaji asiyejua visasili huona hapo kundi la wajinga tu. Lakini miongo minne hivi kabla ya safari hiyo, mshairi wa Kirumi Ovid alikuwa ameandika kisa cha Frigia, nchi iliyopakana na eneo hilo: Jupita na Merkuri, ambao ndio Zeu na Herme kwa majina ya Kirumi, walijigeuza wasafiri, wakabisha hodi katika nyumba elfu moja, na zote zikafungwa. Kilichowapokea ni kibanda kimoja kilichoezekwa kwa nyasi na matete, cha bikizee Baucis na mumewe Philemon. Meza yao ilikuwa na mguu mmoja mfupi, naye bibi akauwekea kigae ili isiyumbe. Walikuwa na bata bukini mmoja tu, na walipotaka kumchinja kwa ajili ya wageni aliwatoa jasho wazee wale, mwishowe akakimbilia kwa miungu yenyewe, ikakataza asiuawe. Baadaye nchi yote ikafunikwa na maji isipokuwa kibanda kile, ambacho kiligeuka hekalu.

Nilipofika kwenye kigae, mwanafunzi wa mstari wa nyuma alidakia, "Mgeni njoo, mwenyeji apone!" Darasa zima likacheka, na sikuwa na haja ya kueleza zaidi. Yaelekea watu wa Listra walikuwa wanaogopa kurudia kosa la majirani zao, na aliyesoma Ovid anaielewa sura ile ya Matendo kuliko asiyemsoma. Askofu Basili wa Kaisaria, katika karne ya 4, aliwaandikia vijana kwamba wavisome vitabu vya Wagiriki kama nyuki anavyochagua maua. Sioni kwa nini sisi tuwe waoga kuliko yeye.

Mchangiaji wa kwanza:

Mwalimu, nakushukuru kwa kisa cha bata bukini, lakini umeikwepa hoja ya mwenzako. Tatizo halijapata kuwa miungu yenyewe. Tatizo ni kiti ilichopewa. Mwaka 1981 Rais Banda wa Malawi alifungua Kamuzu Academy, shule ambayo wanafunzi wake walilazimika kujifunza Kilatini na Kigiriki cha kale, kana kwamba Mwafrika hahesabiwi kuwa ameelimika mpaka ayajue mambo ya Roma. Chuo Kikuu cha Howard huko Marekani, kilichoasisiwa kwa ajili ya watu weusi, kilitangaza mwaka 2021 kwamba kinaivunja idara yake ya masomo hayo, na kozi zake zikapelekwa katika idara nyingine. Wapo waliosikitika, nami nawaelewa, lakini hakuna anga lililoanguka. Vipindi vya fasihi kwa wiki vinahesabika, na kila kipindi anachopewa Zeu kimetolewa kwa mwingine. Tazama pia lugha tunayotumia sisi wenyewe: vya Wagiriki tunaviita visasili, na vya babu zetu tunaviita ushirikina.

Mchangiaji wa pili:

Naomba kuongeza jambo moja ambalo wote wawili mmelipita. Visa hivi vimejaa wasichana wanaokimbizwa na kutekwa: Daphne akimkimbia Apollo mpaka akageuka mti, Persephone akinyakuliwa akichuma maua. Mwaka 2015 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Columbia waliandika kutaka wahadhiri wawatahadharishe wasomaji kabla ya kuwafundisha Ovid, na wengi wakawacheka. Mimi sikucheka. Mwanafalsafa Plato mwenyewe, Mgiriki wa Wagiriki, alitaka visa vya miungu inayopigana na kudanganyana visisimuliwe kwa watoto. Mwalimu atuambie anachagua vipi na kwa umri gani.

Mtoa mada:

Dada, nakiri kwamba kisa cha Daphne sikisomeshi kabla ya kidato cha tano, na nikikisoma simwiti Apollo mpenzi, kwa maana msichana anayekimbia amekwisha kujibu.

Kwa ndugu aliyetangulia, nakubali neno lako kuhusu kiti, na kuhusu neno ushirikina nakubali bila sharti. Lakini kiti hicho hakiondolewi kwa kumfungia mgeni mlango. Kinaondolewa kwa kumleta katika lugha yetu na kumketisha mkekani pamoja na wengine, kama Samuel Mushi alivyofanya alipoitafsiri tamthilia ya Mgiriki wa kale Sophocles mwaka 1971 ikawa Mfalme Edipode. Wala wageni hawa hawakusubiri Waingereza wawalete. Utendi wa Tambuka, ulioandikwa Pate mwaka 1728, unaitwa pia Chuo cha Herekali, yaani kitabu cha Herekali, kwa sababu ya mfalme wa Rumi Heraclius, na jina la mfalme huyo linatokana na Herakles, shujaa wa Wagiriki.

Kipindi nilichotoa kwa Achilles, shujaa wa Wagiriki anayesimuliwa kuwa haumizwi ila kisiginoni, kwa hiyo, sikumnyang'anya Liyongo, niliwafundisha pamoja. Wanafunzi walifurahi kugundua kwamba kisigino hicho hakimo kabisa katika Homer, mshairi wa kale wa Wagiriki, ambako Achilles anachubuliwa mkono kwa mkuki na damu inamtoka kama mtu yeyote. Habari ya mama yake kumchovya katika mto wa kuzimu tunaipata kwa Statius, Mrumi wa karne ya 1. Liyongo naye, katika utendi ulioandikwa na Muhamadi Kijumwa mwaka 1913, hauawi ila kwa sindano ya shaba kitovuni. Tofauti yao wameiona wanafunzi kabla yangu. Achilles alipewa udhaifu wake akiwa mtoto mchanga, wala hakuulizwa. Liyongo aliulizwa na mwanawe wa kumzaa, akatambua kwamba kijana ametumwa na maadui, na bado akamwambia. Msichana mmoja aliandika katika daftari lake: "Kwa nini alimwambia?" Tumekwisha kulijadili swali hilo vipindi viwili, na Alhamisi tunaendelea nalo.