Je, mkazo una kazi gani katika shairi la mizani?

Mwanagenzi wa Nachingwea

Shikamooni wakubwa. Ninajifunza kutunga mashairi ya mizani 16, yaani silabi 16 katika kila mshororo, 8 kwa 8. Kaka yangu, ambaye husoma sana ushairi wa Kiingereza, ameniambia kuwa mistari ya Shakespeare hupiga kwa mkazo, silabi hafifu ikifuatwa na yenye nguvu mara 5 katika silabi 10, ilhali sisi tunahesabu tu. Je, ni kweli kwamba mkazo hauna kazi kwetu? Na mbona mshororo wangu huu hukwama mdomoni ingawa hesabu imetimia: "Mtu mbaya hana ndugu, hata akiwa na mali"?

Mwalimu wa Newala

Marahaba, mwanangu. Kuhusu Kiingereza kaka yako amesema kweli. Huko mkazo hukaa popote katika neno, silabi isiyo nao hufifia, na ndiyo maana mshairi hulazimika kuupanga. Sisi tumepewa kanuni: mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, ukasikika kwenye "ro" ya korosho, na ukiongeza "ni" unahamia "sho", koroshoni. Maneno yanayokiuka ni machache, kama barabara yenye maana ya sawasawa. (Tusichanganye mkazo na toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti katika silabi, Chimakonde chetu kina toni, Kiswahili sanifu hakina.)

Sasa hesabu nami kwa vidole: "Msimu umeingia, korosho zinaanguka." M-si-mu-u-me-i-ngi-a, ko-ro-sho-zi-na-a-ngu-ka. Katika kila kipande mkazo wa mwisho uko kwenye mizani ya 7, na kina, yaani silabi ya mwisho inayofanana, kinatua kwenye ya 8, mara tu baada ya pigo. Pigo hilo la 7 halikosekani maadamu kipande kinaishia kwa neno la kawaida lenye silabi mbili au zaidi. Mtunzi hakulipanga, lugha yenyewe imemwekea. Yanayohamahama ni mapigo yaliyotangulia, na huko ndiko mtunzi mwenye sikio huonyesha ufundi wake.

Msikilizaji wa Mikindani

Naafikiana na Mwalimu, lakini kwa heshima naomba tuurudie mshororo wa mwanagenzi, maana nadhani hesabu yenyewe haijatimia. Katika "njia mbaya", neno mbaya lina silabi 2, mba-ya. Katika "mtu mbaya", ile m ni kiambishi cha ngeli na inasimama peke yake, m-ba-ya, silabi 3. Kwa hiyo ukwapi wako, yaani kipande cha kwanza, una mizani 9: m-tu-m-ba-ya-ha-na-ndu-gu. Jicho halioni tofauti, ila ulimi umeigundua, na ndiyo sababu ukakwama.

Jaribu "Mtu mwovu hana ndugu". Mizani zinakuwa 8, na mikazo inaangukia ya 1, 3, 5 na 7, kama mchi kinuni. Utao wako, yaani kipande cha pili, "hata akiwa na mali", unapiga kwenye ya 1, 4 na 7, kwa mwendo mwingine kabisa, na kwa sikio langu mabadiliko hayo ni matamu. Anayesema tunahesabu tu aombwe ausome mshororo huo kwa sauti.

Mwanagenzi wa Nachingwea

Ahsanteni sana. Nimeusoma kwa sauti mara tatu na haukwami tena. Katika ubeti wa pili nimetumia "mke" na "nchi", na zote mbili nilizihesabu kuwa mizani moja moja, kwa hiyo usiku huu ninauvunja na kuuanza upya.