Mkono huondokaje kabla ya maumivu kufika?

Mpishi wa Wete: Assalaam alaykum. Jana nikipika mkate wa ufuta niligusa ukingo wa kikaango, mkono ukaruka wenyewe, na maumivu niliyahisi ulipokwisha kuwa mbali. Ikiwa ubongo ndio unaotawala mwili, amri hiyo ilitoka wapi?

Mwalimu wa baiolojia, Mkoani: Waalaykum salaam, dada yangu. Ilitoka katika ugwe wa neva uliomo ndani ya uti wa mgongo, ambao pamoja na ubongo ndio makao makuu ya mfumo mzima wa neva. Kutoka katika ugwe huo hutawanyika jozi 31 za neva, zenye nyuzi zinazoingiza hisia na nyuzi zinazopeleka amri kwenye misuli. Habari ya joto ilipoingia, ugwe uliiamuru misuli ya mkono papo hapo, huku habari hiyo ikiendelea kupanda ubongoni. Ule mwako unaochelewa na kukaa muda mrefu husafiri kwa nyuzi nyembamba zisizo na ala ya mafuta, ambazo mwendo wake ni kiasi cha mita 1 tu kwa sekunde.

Muuguzi, Unguja: Hata hivyo, isidhaniwe kwamba ugwe hauna wa kuuzuia. Ukipokea kikombe cha kahawa kinachounguza mbele ya wageni barazani, utavumilia mpaka ukiweke chini, kwa kuwa ubongo huteremsha amri ya kuizuia ile ya kukiachia.

Mpishi wa Wete: Ahsanteni sana. Kikombe hicho nakijua. Alinipa mama mkwe.