Mashine ya pumzi inasema niko sawa, mbona bado nasinzia dukani?

mzee_wa_misumari (Wete)

Assalaam alaykum wenzangu.

Mie nauza vifaa vya ujenzi hapa Wete. Mke wangu ndiye aliyenishikilia nipande boti niende Dar kupimwa usingizi, maana usiku alikuwa akinisikia nakoroma, kisha kimya, kisha nashtuka navuta pumzi kwa nguvu, na yeye macho hayafumbi. Kipimo kikatoka kwamba pumzi inakatika au inapungua mara 41 kwa saa. Daktari akaniambia zaidi ya 30 ni kali, nitafute mashine ya CPAP, ile inayosukuma upepo ili koo lisizibe usingizini. Shemegi yangu yuko Maskati, akaniletea mpya ndani ya boksi, pamoja na barakoa ya kufunika pua.

Sasa kila asubuhi kioo cha mashine kinaniandikia AHI 3, yaani pumzi inakatika au inapungua mara 3 kwa saa. Daktari alisema chini ya 5 ni vizuri. Basi ningekuwa mzima, lakini wapi! Naamka mdomo umekauka, kichwa kizito, na ikifika saa tano mchana nishalala juu ya kaunta. Juzi mteja kaja kununua waya wa umeme, nikaanza kumpimia, nikasinzia nimesimama na utepe mkononi. Alichoondoka nacho ni zaidi ya alicholipia, na wala simlaumu. Pikipiki nimemkabidhi mwanangu, siipandi tena.

Kulala navaa vizuri. Nikishtuka usiku naikuta barakoa pembeni ya mto inavuma peke yake, sijui nimeivua saa ngapi. Joto la kaskazi mnalijua, na sisi tunalala ndani ya chandarua. Saa kumi na moja naamka kuswali, nikirudi najilaza mpaka watoto watoke kwenda skuli, na hapo siivai, naona ni kulala kidogo tu. Pua nayo huziba, khasa karafuu zikianikwa, kwa hiyo nameza piritoni kabla ya kulala. Ndevu ninazo na sizinyoi, hilo msinishauri.

Umeme unakuja ukijisikia.

Je, mashine ni mbovu? Au huu usingizi unatoka kwengine?

kijana_wa_Mtoni

Mzee wangu, pandisha presha ya upepo. Ami yangu alikuwa hivyo hivyo, tukabonyeza vitufe viwili pamoja ikafunguka menyu ya ndani, tukaongeza, sasa analala kama mtoto.

Bi_Ruqaiya (muuguzi mstaafu, Unguja)

Wa alaykum salaam kaka yangu. Wewe kijana, mwache mzee wa watu. Kuna watu pumzi hukatika kwa sababu koo limeziba, na kuna ambao ubongo wenyewe umesahau kutoa amri ya kuvuta. Kwa hawa wa pili presha kubwa inaweza kuwazidishia. Ami yako kabahatika. Haya hutazamwa na daktari mwenye kipimo mkononi.

Mzee, mashine yako haijaharibika. Ile 3 ni wastani wa muda uliokuwa umeivaa, basi. Ukishaivua, ikawa inavuma juu ya godoro, haisikii pumzi ya mtu, itahesabu nini? Kama umeivaa saa tatu na ukalala saa nne bila ya barakoa, kwenye zile saa nne umerudi kwenye 41 yako ya zamani, na haziandikwi popote. Tena ndizo saa mbaya zaidi. Usingizi wa ndoto unakuwa mwingi kuelekea alfajiri, misuli ya koo inalegea zaidi, na kwa wengi hapo pumzi hukatika mara nyingi na kwa muda mrefu. Huko kulala kidogo baada ya sala ya asubuhi ndiko kunakokuharibia mchana wako. Ukirudi kitandani, ivae, hata kama ni nusu saa.

Fungua ukurasa wa usingizi kwenye kioo hicho hicho. Nisomee saa za matumizi na kiwango cha kuvuja. Nisomee pia presha imeandikwa ngapi, lakini usibadilishe kitu.

Mdomo mkavu maana yake upepo unaingia puani na kutokea mdomoni. Watu hukimbilia barakoa ya uso mzima, lakini wewe na ndevu zako itavuja mashavuni mpaka umchukie aliyeitengeneza. Anza na pua. Chemsha maji, yaache yapoe, tia chumvi kidogo, safisha pua jioni. Ikiwa bado, mwone daktari wa masikio, pua na koo akuandikie dawa ya kupuliza puani. Na hiyo piritoni iache! Inaleta usingizi, na asubuhi bado imo mwilini. Unapigana na usingizi huku unaumeza. Ziko dawa za mzio zisizolaza hivyo, kama loratadini, muulize mwenye duka la dawa.

mzee_wa_misumari (Wete)

Ahsante sana Bi. Nimemwita mwanangu akanisomea. Matumizi saa 3 na dakika 20. Kuvuja lita 38 kwa dakika. Presha imeandikwa 4 mpaka 20. Karatasi ya Dar nimeitoa kabatini, daktari kaandika 9 mpaka 13. Hakuna aliyeigusa tangu itoke kwenye boksi.

Bi_Ruqaiya (muuguzi mstaafu, Unguja)

Haya, sasa tunazungumza. 4 mpaka 20 ndivyo mashine nyingi zinazojipandishia presha zenyewe zinavyotoka kiwandani. Kwenye 4 watu wazima wengi wanahisi hewa haitoshi, na ukiwa usingizini mkono unakwenda wenyewe kuing'oa. Kisha koo linapoziba inakimbilia juu, barakoa inapuliza machoni, unaing'oa tena. Piga picha karatasi na kioo, mtumie daktari wako kwa simu, akwambie uiweke kama alivyoandika au vyengine. Ikiwa mashine ina kadi ya kumbukumbu ubavuni, mpe mtu anayevuka amfikishie. Kadi inaonyesha usiku mzima dakika kwa dakika, na kama ni koo au ni ubongo ataona humo.

Lita 38 ni nyingi. Baadhi ya mashine huweka mpaka kwenye 24. Usikaze mikanda, ukikaza sana mto wa silikoni unajikunja na kuvuja zaidi. Legeza, lala chali, washa mashine, ndipo uinyanyue barakoa kidogo uiache ikae yenyewe. Silikoni ioshe kwa sabuni kila asubuhi, mafuta ya uso ndiyo yanayoifanya iteleze. Na viko vile vibomba vidogo vinavyokaa kwenye matundu ya pua, havigusi ndevu kabisa. Mwambie shemegi.

fundi_Chake

Mzee salaam. Mie naongezea la umeme tu. Soma nyuma ya adapta. Nyingi zimeandikwa volti 100 mpaka 240, hivyo umeme ukipungua hausumbui, unaoua ni ule unaorudi kwa kishindo, weka kinga. Kwa betri, usichomeke ya gari moja kwa moja. Mashine nyingi hizi zinataka volti 24 na betri ni 12, inatakiwa kigeuzi chake maalumu, au inveta ya mawimbi safi. Na siku ukitumia betri zima hita ya maji na ya mpira unaopitisha upepo, hizo ndizo zinazokula umeme. Kwa unyevu wa Pemba hutazihitaji sana.

Na kwa wengine mnaonunua za mitumba, angalieni. Mwaka 2021 kampuni ya Philips waliziita mashine zao nyingi zirudishwe kwa sababu sponji ya kuzuia kelele ndani yake ilikuwa inamong'onyoka, na joto na unyevu vinazidisha. Nambari ya mashine ndiyo inayoonyesha kama imo kwenye orodha, msinunue kwa kuangalia rangi.

mzee_wa_misumari (Wete)

Daktari kajibu, tumeiweka kama alivyoandika na kadi imepanda boti. Piritoni nimeacha. Mpira wa mashine mke wangu kaufunga kwa kitambaa juu kwenye kamba ya chandarua, sasa nikigeuka hauvuti. Jana nimeivaa mpaka adhana, na baada ya sala nikaivaa tena, watoto wakanicheka eti baba rubani. Sijasema nimepona, lakini saa tano ya leo imepita nikiwa macho.

Bi, la mwisho. Mchana baada ya adhuhuri najilaza nyuma ya duka, kwenye mifuko ya saruji. Na hapo niivae?

Bi_Ruqaiya (muuguzi mstaafu, Unguja)

Usingizi ni usingizi, ivae. Lakini siyo kwenye saruji, kaka yangu, vumbi lile litaziba chujio kwa wiki moja na lingine utalivuta mwenyewe. Funga duka, ukalale nyumbani.